Tangu sketi ichafuke darasani, binti yangu hataki tena shule

BARUA

Mama Mshauri, salamu kwako na kwa nyumba yako.

Mimi ni mama wa watoto watano, ninaishi Ndosho hapa Goma na ninauza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, sokoni. Binti yangu wa pili ana miaka 13, aliingia mwaka wa saba Septemba iliyopita. Shule ya msingi aliimaliza vizuri, hesabu ndiyo furaha yake, na mimi nilikuwa nimeshaanza kumwona mbali.

Wiki mbili zilizopita alirudi nyumbani kabla ya saa nne asubuhi, amejifunga sweta kiunoni, hataki kumtazama mtu. Nilidhani amepigwa. Jioni ndipo rafiki yake, mtoto wa jirani, aliponieleza. Alikuwa mwezini, damu ikapita kwenye sketi bila yeye kujua. Mwalimu akamwita ubaoni. Wavulana wa viti vya nyuma wakaanza kupiga miluzi, na mwalimu, badala ya kuwanyamazisha, akamwambia mtoto atoke nje akajisafishe. Akajisafishe wapi? Vyoo vya shule ile ninavijua. Maji hakuna, milango haina komeo, na wavulana na wasichana wanapita njia moja. Alichukua begi lake akaja nyumbani kwa miguu.

Tangu siku hiyo hajarudi. Asubuhi anavaa sare, anakaa kitandani, anaanza kulia. Nimembembeleza, nimemfokea, hakuna kilichosaidia. Baba yake anasema kama ameshakuwa mwanamke, basi abaki anisaidie sokoni, pesa ya minervali, yaani ada ya shule, iende kwa wadogo zake. Hasemi kwa ukatili. Tangu vita vilipoingia mjini Januari 2025 kazi yake ya kupakia magari imepungua sana, na mwaka wa saba unalipiwa, si kama shule ya msingi ya serikali. Lakini mimi moyo unakataa.

Kuna la pili. Mimi ni mhazini wa komite ya wazazi ya shule hiyo hiyo. Mwaka huu tulichanga tukapata dola 320. Mwenyekiti anataka tununue makatoni ya Kotex, pedi za dukani, tuwagawie wasichana tarehe 28 Mei, siku ya hedhi duniani, uwanjani mbele ya shule nzima, na mpiga picha aitwe. Wasichana ni 180. Wazazi wengine wanasema hayo ni mambo ya mama na binti yake chumbani, pesa ziende kwenye bati la darasa linalovuja. Kikao ni mwisho wa mwezi huu. Nikiongea nitaonekana natetea mtoto wangu, nikinyamaza roho itanisuta.

La mwisho naona aibu hata kuliandika. Nimemwonyesha binti kukunja kipande cha kikwembe, yaani kitenge, kama nilivyoonyeshwa na marehemu mama yangu. Anasema kinamwasha. Nimegundua anakifua usiku na kukificha chini ya godoro kikiwa bado kibichi, ili kaka zake wasikione. Pakiti moja ya Kotex hapa kwetu ni dola moja na kitu, na nyumbani tuko wanawake watatu tunaoona mwezi. Nifanyeje?

Aksanti sana kwa kunisikiliza.

Mama wa Ndosho, Goma

JIBU

Mama wa Ndosho, pole sana, na pole nyingine mpelekee binti yako. Aibu ya kuuliza iweke kando. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na hayo uliyoandika yanaulizwa kimoyomoyo katika nyumba nyingi kuanzia Ndosho hadi Birere.

Nitaanza na mtoto, maana yeye ndiye anayelia asubuhi. Kisha kitambaa, kwa sababu kinamwasha sasa hivi. Komite nitaiacha mwisho, huko kuna maneno mengi.

Aelewe kwanza kwamba hakuna alichokosea. Mwambie kwa maneno, usidhani anajua. Msichana wa miaka 13 aliyechekwa mbele ya darasa huamini kwamba mwili wake ndio uliomwaibisha, kumbe waliomwaibisha ni watu. Mweleze mwili unavyofanya kazi: kila mwezi mji wa mimba hujiandalia utando wenye damu, na mimba isipotunga utando ule hutoka. Hutoka kwa siku 2 hadi 7, na damu ya siku zote hizo kwa kawaida ni kati ya vijiko viwili na vitano vya mezani, ingawa kwa macho huonekana nyingi. Si uchafu wala laana. Haimzuii kupika, kuingia shambani wala kusali, hata kama bibi wa jirani atasema vingine.

Halafu mwambie hili ambalo mama zetu wengi hawakutuambia: miaka ya mwanzo mwezi hauna ratiba. Kwa mwanamke mzima huzunguka kila siku 21 hadi 35. Kwa msichana aliyevunja ungo karibuni unaweza kuchelewa hata siku 45, kisha ukaja mapema mara inayofuata. Kwa hiyo kushikwa ghafla darasani si uzembe. Aandike tarehe zake nyuma ya daftari, lakini asizitegemee. Kila siku ya shule awe na kifuko begini chenye vitambaa au pedi mbili, chupi safi, kipande cha sabuni na mfuko usiopitisha maji wa kuwekea kilichotumika.

Kuhusu kurudi, usimburute kesho kwa fimbo, wala usimwache mwezi mzima. Kila wiki inayopita inaongeza ugumu. Nenda wewe kwanza kwa prefe, mkuu wa shule, bila mtoto, ukiweza uende na mwalimu wa kike unayemwamini. Usiende kupigana na mtu, lakini usikubali pia kuambiwa ni jambo dogo. Omba prefe azungumze na yule mwalimu faraghani. Omba msichana anayetaka kutoka aruhusiwe bila kuhojiwa, na miluzi ile ihesabiwe kosa la nidhamu sawasawa na matusi. Kisha kuna jambo moja ulikatae hata wakikupa kwa nia njema: binti yako asisimamishwe mbele ya darasa ili aombwe radhi. Atakuwa anaaibishwa mara ya pili. Mwalimu akitaka kumwomba radhi, na kwa maoni yangu anapaswa, amwombe pembeni, wewe ukiwepo.

Siku ya kurudi iwe siku ambayo hayuko mwezini, na aende na yule rafiki aliyekueleza. Huyo mtoto ni hazina. Alisema ukweli wakati mwenye jambo hakuweza kusema. Omba wakae dawati moja.

Sasa baba yake. Zungumza naye mkiwa wawili, watoto wamelala. Mwambie kuvunja ungo si kuwa mwanamke mzima. Sheria ya familia ya nchi yetu ya Kongo, iliyorekebishwa mwaka 2016, inataka miaka 18 kwa ndoa, msichana na mvulana sawa. Najua hajataja ndoa. Lakini msichana wa miaka 13 akikaa sokoni kutwa nzima, wapo watakaoitaja kwa niaba ya baba yake. Na kuna jambo ambalo akina baba wengi hawajalisikia: magharibi mwa Kenya watafiti waliandika habari za wasichana wa shule wanaopata pedi, au pesa ya pedi, kutoka kwa wanaume wanaotaka kulala nao. Kwa umaskini ulioko Goma leo, tusijidanganye kwamba hapa haiwezekani. Pesa ndogo ya sabuni na kitambaa ikitoka mkononi mwa baba, mtoto hana sababu ya kuipokea kwa mtu wa barabarani. Baba huyu anawapenda watoto wake, nimeliona katika barua yako. Mpe habari hii, atafikiri.

Minervali muombeni prefe mlipe kidogo kidogo kadiri sambaza inavyouzika. Mzazi anayekwenda mwenyewe kabla mtoto hajafukuzwa husikilizwa zaidi kuliko anayesubiri kuitwa.

Kitambaa. Chenyewe si kibaya, mama, na mama yako hakukufundisha jambo baya. Kinachomwasha binti ni ubichi. Kitambaa kilichofuliwa usiku kwa maji machache, kisha kikalazwa chini ya godoro, kinaota ukungu, na asubuhi anauvaa ukungu huo mwilini saa sita nzima. Tena kikwembe, hasa kikiwa kipya, hakinyonyi vizuri: kimefumwa kwa kubana, kina rangi na dawa nyingi, na damu huteleza juu yake ikatokea pembeni. Inawezekana ndivyo ilivyofika kwenye sketi.

Tafuta pamba. Fulana kuukuu, flaneli, taulo iliyochakaa. Kata vipande vya urefu wa sentimita 25 hivi, upange tabaka tatu au nne, na chini kabisa uweke kitambaa kisichopitisha maji, hata kile cha mwavuli uliovunjika. Ushone kuzunguka. Ubavuni acha mabawa mawili yenye kifungo cha kubana, yapite chini ya chupi na kukutana, ili kitambaa kisitembee anapoenda. Fundi wa kushona mtaani ukimpa mfano mmoja ataiga vingine. Kila mwanamke wa nyumba awe na vyake, sita hadi nane, na msiazimane hata kama ni mama na binti.

Na chupi! Watu wanatoa msaada wa pedi wakasahau chupi, na pedi ya dukani au ya kushona haina kazi yoyote kwenye chupi iliyolegea. Pesa ikiwa ndogo, mimi ningemnunulia kwanza chupi tatu zinazombana vizuri, kabla ya pakiti yoyote.

Kufua kunaanza na maji baridi, maana maji ya moto huigandisha damu kwenye nyuzi. Aloweke nusu saa, apake sabuni, asugue, asuuze mpaka maji yatoke meupe, kisha aanike juani. Juani kabisa, si kivulini wala chumbani. Akiona haya, atandaze kitambaa chepesi juu ya kamba. Kwetu mvua ni ndefu, Septemba hadi Mei, na kuna siku jua halionekani. Siku hizo pasi ya makaa imalizie kazi mpaka kitambaa kikauke hadi ndani. Hao kaka zake wanaoogopwa waambie wewe mwenyewe, wakati wa kula, bila kunong'ona: dada yenu anafua vitambaa vyake vya mwezi, kamba ile msiiguse, na anayemcheka atanijibu mimi. Wavulana waliopiga miluzi darasani nao wana mama zao, na sidhani hata mmoja aliwahi kuambiwa hivyo nyumbani.

Avibadilishe kila baada ya saa nne hadi sita. Kuwasha kukiendelea hata baada ya vitambaa vikavu, au akitokwa na uchafu wenye harufu kali, mpeleke kituo cha afya. Asitie sabuni ndani. Maji safi kwa nje yanatosha. Pia mpeleke akijaza pedi kila saa moja au mbili, damu ikipita siku saba, akiwa na kizunguzungu, au maumivu yakimlaza kila mwezi. Maumivu ya kawaida hupoa kwa chupa ya maji moto tumboni na kidonge cha paracetamol. Mpe sombe, lengalenga, maharagwe, na wewe muuza sambaza usiuze zote, mbakizie naye. Vyakula hivyo vinarudisha damu.

Sasa komite. Mwenyekiti wenu ana nia njema, na ninamheshimu mwanaume anayetaja hedhi kikaoni bila kugeuza uso. Lakini mpango wake mimi nisingeuunga mkono. Fanya hesabu ya kihazini: wasichana 180, dola 320, pakiti dola moja na kitu. Hakuna msichana atakayefikisha pakiti mbili. Mwezi wa Julai mwaka wa shule unaisha, Septemba mnaanza tena mikono mitupu. Na kugawa uwanjani, wavulana wakitazama na kamera ikipiga, ni kuwasimamisha wasichana wote 180 mahali aliposimama binti yako.

Kuna sababu nyingine, ya Goma hasa. Mji huu umekaa juu ya mawe ya volkano. Lava ya mlima Nyiragongo ilipita katikati ya mji tarehe 17 Januari 2002 mpaka ziwani, na chini ya mitaa yetu mingi kuna lava za zamani zaidi. Kuchimba choo hapa ni kupasua jiwe kwa nyundo, kwa hiyo mashimo yetu mengi ni mafupi. Pedi ya dukani ina plastiki mgongoni, na ndani huwa na chembe zinazonyonya maji na kuvimba. Haiozi upesi. Msichana asiyeonyeshwa pa kuitupa ataitupa shimoni, na shimo fupi linajaa. Choo cha shule kikifurika katika mji ambao kipindupindu hakiuachi, hapo hatuongelei tena wasichana peke yao.

Nchini Nepal watafiti waliwapa wasichana wa shule vikombe vya hedhi, vile vinavyovaliwa ndani kukinga damu, wakafuatilia mahudhurio yao. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2011, yalionyesha kwamba mahudhurio hayakubadilika, ingawa vikombe viliwapunguzia kazi ya kufua. Sisemi pedi hazina maana. Binti yako siku ile angekuwa na pedi tano begini, bado angetoka darasani akakuta choo kisicho na komeo wala maji, na bado angekuja nyumbani.

Kwa hiyo mimi ningeanza na mlango. Shirika la Afya Duniani linashauri choo kimoja kwa wasichana 25. Kwa wasichana 180 hiyo ni saba au vinane, na kwa dola 320 hamvijengi. Vile mlivyo navyo ndivyo mtakavyotengeneza. Tengeni vya upande mmoja viwe vya wasichana, mweke ukuta wa mbao au mabati katikati ili njia zitengane. Kila mlango upate komeo linalofungwa kwa ndani, la chuma, lenye misumari mirefu, si kamba. Ukutani pigilieni msumari mkubwa wa kutundikia begi, maana anayebadilisha pedi anahitaji mikono miwili na sakafu ya choo si pa kuweka kitu. Wekeni kioo kidogo, kwa chini kidogo, msichana ajitazame sketi nyuma kabla hajarudi darasani. Kioo hicho ni bei ndogo sana na kingemwokoa mtoto wako siku ile. Bati moja la juu liwe la plastiki inayopitisha mwanga, umeme wetu mnaujua.

Maji: bidoni (madumu) mbili za lita 20 upande wa wasichana, na kikombe cha kuchotea. Mwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, apewe pesa yake ya wiki, au madarasa yajaze kwa zamu, wavulana na wasichana, isiwe adhabu. Na hapo ndipo utakapokutana na wale wa bati linalovuja. Usiwafanye maadui, wanasema kweli. Fundi akipanda kuziba bati, afunge na mfereji wa kukusanya maji ya mvua yashuke kwenye pipa. Moshi wa volkano huyachafua maji ya mvua ya huku kwetu kwa floridi, hivyo watoto wasiyanywe, lakini kwa kunawa na kusafisha choo yanafaa. Pesa moja, kazi mbili, na kura za pande zote mbili.

Ndani ya kila choo cha wasichana kuwe na ndoo yenye kifuniko. Mtu mzima anayelipwa aimwage na kuchoma baada ya masomo, kwenye pipa au tanuri dogo la matofali, mbali na madarasa, kwa sababu moshi wa plastiki ile ni mbaya kwa mapafu. Kazi hiyo msiwape wasichana.

Pesa itakayobaki ndiyo inunue pedi, chache, za dharura. Pamoja nazo sketi mbili tatu za bluu na chupi mpya, zote katika kabati lenye ufunguo mikononi mwa walimu wawili wa kike, ili mmoja akikosekana mwingine awepo. Hakuna kuandika majina, hakuna kumwuliza mtoto za jana alizipeleka wapi. Ng'ambo ya mpaka, Rwanda, shule nyingi zimetenga chumba kizima cha wasichana chenye pedi, maji na kitanda cha kupumzika. Ninyi hamna chumba cha ziada, kabati linatosha kwa kuanzia. Somo la elimu ya maisha lipo kwenye ratiba. Mwalimu alitumie kuwafundisha wasichana kushona vitambaa kama nilivyoeleza, na kuwafundisha wavulana hedhi ni nini, bila kuwatoa nje ya darasa. Walimu wa kiume nao waelezwe, yule wa ubaoni akiwa wa kwanza.

Tarehe 28 Mei msiifute. Siku hiyo ilianzishwa mwaka 2014 na shirika la Kijerumani liitwalo WASH United. 28 kwa siku za mzunguko, mwezi wa 5 kwa siku tano za damu. Mwenyekiti aitumie kufungua vyoo vilivyotengenezwa. Mpiga picha apige milango, bidoni za maji na kabati. Nyuso za wasichana aziache. Mpe mwenyekiti heshima ya kukata utepe, anastahili, na atakuwa upande wako.

Unaogopa kuonekana unatetea mtoto wako. Mtetee. Wazazi wote wanaokaa katika komite ile wameingia kwa sababu ya watoto wao, na yule anayeongelea bati linalovuja huenda mwanawe ndiye anayekaa chini ya tundu. Ila usimtaje binti yako kikaoni, jambo lake ni la kwake. Zungumza kama mhazini, kwa tarakimu.

Kabla ya kikao nenda shuleni saa ya mapumziko na mama mwingine wa komite, na umwombe mwenyekiti awafuate. Ingieni kwenye kile choo mmoja mmoja, mjaribu kufunga mlango. Hesabu milango isiyofungika, pima urefu na upana wa kila mmoja, uliza bei ya komeo sokoni na bei ya fundi seremala, kisha andika yote kwenye karatasi moja uingie nayo kikaoni.